Kiti cha Kushoto

Nicanor Wafula ukimuuliza ameendesha magari mangapi maishani mwake, atakwambia aliacha kuhesabu alipofika elfu arobaini. Usimdhanie mwongo. Kwa miaka ishirini na minane kazi yake ilikuwa kushusha magari melini pale Kilindini. Meli ya magari ikifunga gati, yeye na wenzake, vizibao vya rangi ya chungwa vifuani, walipanda ndani, kila mmoja akaingia gari lake, akaliwasha, akaliteremsha kwa lile daraja la chuma na kulipeleka yadi, akaliegesha bampa kwa bampa na la mwenzake. Kisha kigari cha kazi kiliwazoa na kuwarudisha melini wakachukue mengine. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika nne. Basi Nicanor ameendesha kila namna ya gari lililoingia nchi hii, ya wakubwa na ya wadogo, na kila moja kwa dakika nne tu.

Yeye aliona dakika hizo zinatosha na zinabaki. Alikuwa akikaa, anasikiliza injini, anakanyaga breki pale kwenye mteremko wa daraja, anakata kona moja ya yadi, na akishuka ana hukumu yake mfukoni. Mtaa wake wa Makupa wote ulimwamini. Mtu akitaka kununua gari aliletwa kwake, akapewa chai ya maziwa na mkewe Mwikali, akaeleza shida yake kwa urefu, na Nicanor akamsikiliza kwa adabu zote. Halafu akamwambia kile alichomwambia aliyetangulia, kwamba anunue gari la saluni.

Yake mwenyewe ilikuwa saluni nyeupe, na hiyo ina kisa chake. Aliishusha melini mwaka wa tisini na tano, wakati wa masika, na kwenye kioo cha nyuma palikuwa na picha ya samaki wa buluu, iliyobandikwa na mtoto wa watu huko Japani. Miezi mitatu baadaye alimsindikiza mwenzake mmoja Shimanzi kutazama lori, akapita kwenye yadi ya magari, akamwona yule samaki. Alilitambua lile gari kama unavyomtambua mtu mliyewahi kusafiri naye behewa moja. Alisahau habari za lori. Mwenzake alirudi nyumbani peke yake siku ile, na mpaka leo wakikutana humkumbusha.

Wakati huo yeye na Mwikali walikuwa wamepanga chumba kimoja mtaa wa Kuze, kwa Bi Mejumaa. Nicanor ni Mbukusu wa Bungoma na Mwikali ni Mkamba wa Mwingi. Kila mmoja alikuja Mombasa na Kiswahili chake cha bara cha kuokota, na ni Bi Mejumaa aliyewanyoosha ndimi. Alikuwa akiwasahihisha kupitia dirishani, hata wakiwa katikati ya ugomvi. Lugha ya nyumba yao ikawa hiyo ya Kuze, na binti yao Trizah alipozaliwa hakuwa na nyingine. Ile saluni ndiyo iliyomtoa hospitalini. Nicanor aliiendesha polepole mno hata mikokoteni ya maji ikawapita, na Mwikali, mtoto kifuani, alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka.

Na kulikuwa na Jumapili. Alasiri, joto likipungua, walikwenda ufukweni Mama Ngina, pale Laithausi kwenye mnara wa taa, wakaegesha gari limetazama mlango wa bandari. Nicanor alikuwa akiruka nje, anakimbilia kwa mwenye karai, anarudi na mihogo ya kukaanga ndani ya gazeti, imepakwa ndimu na pilipili. Meli ikipita aliitambua kwa umbo. Zikija zile kubwa za magari, zilizo kama ghala limetiwa baharini, alimwambia mkewe, "Kesho mimi na huyo." Trizah alikulia kwenye kiti cha nyuma, mafuta ya mihogo mikononi, na alama za vidole vyake ziko kwenye kitambaa mpaka leo. Nicanor hakukubali zisuguliwe. Huo ulikuwa wakati mzuri wa maisha yake, na ukimkuta katulia peke yake barazani, jua yuko huko.

Sasa tangu miaka miwili iliyopita Mwikali aliacha kwenda. Hapakuwa na ugomvi. Jumapili ya kwanza alisema amechoka, ya pili akasema kuna nguo za kupiga pasi, ya tatu Nicanor akaona aibu kuuliza. Bi Mejumaa naye, ambaye Mwikali hakuwahi kupitisha mwezi bila ya kwenda kumjulia hali, akabaki kusalimiwa kwa simu. Lililomkera Nicanor zaidi ni kanisani. Mwikali alianza kwenda kwa tuktuk. Mume ana gari, limeoshwa, liko mlangoni, na mke anapungia tuktuk mkono mbele ya majirani. Alipomuuliza, alisema anapenda upepo. Nicanor alifungua vioo vyote vinne vya saluni akamwonyesha kwamba upepo upo, lakini Jumapili iliyofuata tuktuk ilikuja vilevile.

Moyoni aliamini mkewe amemchoka. Hakumwambia mtu. Mwanamume wa miaka sitini na sita ataanzia wapi kusema neno hilo? Alikuwa akienda Laithausi peke yake, ananunua mihogo ya mtu mmoja, na hakuweza kuimaliza.

Hapo ndipo Trizah alipokuja na krosova.

Nicanor aliyajua magari hayo tangu yalipoanza kuingia. Alipoanza kazi meli zilijaa saluni, safu kwa safu, na stesheni wagoni chache za kubebea mizigo. Kisha, kidogo kidogo, yakaanza kuja haya mapana ya mabega, marefu kuliko saluni, mafupi kuliko jipi la safari, hata ikafika meli nzima unashusha na saluni huzioni. Yeye hakudanganyika. Alishayatazama kwa chini, gereji, akaona mengi yake injini ni ileile ya saluni na sakafu ni ileile, ila yameinuliwa kiasi cha upana wa kiganja. Aliyaita saluni zilizovaa viatu virefu, na neno hilo lilimpendeza, akalirudia kila alipopata msikilizaji.

Trizah alikuwa amepata kazi Kisumu, na waajiri wake wa huko walikuwa wanampa gari. Basi hii krosova yake ya kijivu aliwaletea wazazi. Alimjua baba yake, kwa hivyo hakumbembeleza. Alisema anaiacha wiki mbili. Wakiitaka ni yao, wasipoitaka kuna mtu ataichukua Jumamosi ya pili. Akambusu mama yake, akaweka funguo juu ya friji, akaenda zake.

Siku mbili Nicanor aliizunguka ile krosova bila kuigusa. Siku ya tatu alikwenda Kuze kumtafuta Zein, kijana wa mwisho wa Bi Mejumaa, ambaye kazi yake ni udalali wa magari na ambaye mdomo wake haujui likizo. Zein aliisifu krosova kwa pumzi moja. Matuta ya barabarani haiyagusi, mvua ikinyesha na mitaa kujaa maji inapita, dereva anaona mbele juu ya vichwa vya wenzake, buti inafunguka mpaka juu. Siku hizi, alisema, saluni ni gari la mtu asiye na habari. Nicanor alimwambia maneno si kitu, atapima mwenyewe.

Na kweli alipima. Alhamisi asubuhi aliyaegesha magari yote mawili mbele ya nyumba, ubavu kwa ubavu, akatoa futi, madumu ya maji, gunia la makaa, na viti vya plastiki vya chama cha akina mama wa kanisa. Majirani walileta maoni yao bila kuombwa. Buti ya saluni ilimeza madumu sita na ikafunga. Ile ya krosova, kwa madaha yake yote, ilimeza matano, na la sita likabidi likae na abiria. Gunia la makaa lilitaka kunyanyuliwa mpaka usawa wa tumbo kabla halijaingia. Viti vya plastiki, nasema kweli, krosova ilishinda, kwani ililaza viti vyake vya nyuma ikavipokea vyote kumi na viwili. Nicanor aliliandika hilo pia, ingawa kwa herufi ndogo.

Alasiri aliiendesha Kuze. Alipofika kwenye kichochoro ambacho saluni hupita kwa kuombana radhi na kuta, krosova ilikwama mabega. Alikunja vioo vya pembeni, akasogea hatua mbili, mwenye duka la viungo akatoka kuangalia kigunia chake cha bizari, na Nicanor akarudi kinyumenyume mpaka barabarani huku watoto wa madrasa wakimwelekeza, kila mmoja upande wake. Bi Mejumaa alitoa kichwa dirishani juu akauliza, kwa Kimvita chake kisichobadilika, "Nani huyo atakaye kuivunda nyumba yangu?" Nicanor alimwamkia kutoka chini, shikamoo, akapokea marahaba yake. Njiani alipita kujaza petroli na akahesabu hiyo pia. Alirudi Makupa amefurahi kupita kiasi.

Mwikali alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti chake kirefu cha mbao, anachambua kunde kwenye ungo. Nicanor alisimama mbele yake na karatasi yake akamsomea yote. Buti, petroli, kona, kichochoro, bei ya tairi. Alimsomea hata habari ya viti vya plastiki, ili asionekane ana upendeleo. Alipomaliza alisema kwamba mambo yameonekana wazi, Trizah apigiwe simu, gari lichukuliwe Jumamosi, na wao waendelee na lao.

Mwikali aliendelea kuchambua kunde. Halafu akasema, taratibu, bila kuinua uso:

"Umepima buti. Mimi sikai kwenye buti, Baba Trizah."

Nicanor hakuelewa. Alianza kueleza tena habari ya madumu.

"Miaka yote hii," Mwikali akasema, "umewahi kukaa upande wangu?"

Alitaka kucheka, kisha akaanza kuhesabu. Hajawahi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuendesha ile saluni naye akiwa ndani yake. Trizah alifunzwa skuli ya udereva, na fundi alipolijaribu gari alilijaribu peke yake. Na huko bandarini, katika magari elfu arobaini, hakuna hata moja aliloingia kwa mlango wa kushoto. Wala hakuna lililokuwa na mtu kando. Yote yalikuwa matupu, sakafu sawa, dereva peke yake, dakika nne.

Aliiweka karatasi juu ya ukuta wa baraza akatoka nje. Alifungua mlango wa kushoto wa saluni akakaa, na alivyokaa alianguka. Kiti kilikuwa kimekufa springi, kikamzamisha mpaka magoti yake yakamfikia karibu na kifua na dashibodi ikamkaa usoni. Upande wake yeye alikuwa amebadilisha kiti mara mbili. Huu hakuwahi kuugusa. Kutoka hapo alipokuwa, kule Laithausi ingeonekana mbingu tu. Hizo meli alizokuwa akimwonyesha mkewe, sijui Mwikali alikuwa akiziona vipi.

Kisha alijaribu kutoka. Alitoa mguu wa kushoto, akajisukuma, akarudi alipokuwa. Akajisukuma tena, na goti likamchoma. Mkono wake ulipanda wenyewe kutafuta pa kushika, ukaikuta nguzo ya mlango, na vidole vyake vikaingia mahali palipokwisha kuingiwa. Aliinua macho akatazama. Rangi nyeupe ilikuwa imelika pale mpaka bati likaonekana, mistari minne, ukubwa wa vidole vya mwanamke. Aliijua alama hiyo. Alikwisha kuipaka rangi mara mbili, akailaumu chumvi ya bahari, akamwambia Mwikali kwamba pwani hii haina huruma na bodi za magari. Na Mwikali alimwitikia kwamba ni kweli.

Nicanor alibaki kwenye kile kiti, na simwonei haya kusema kwamba alilia. Aliziona Jumapili zote, moja baada ya nyingine. Yeye anaruka nje, anakimbilia mihogo. Anarudi, na Mwikali amesimama nje ya gari, mkono juu ya paa, anahema, naye anamuuliza kama anafurahia upepo. Akaiona na tuktuk, kile kiti chake cha juu unachokikalia bila kuinama, na kile chuma cha kushikia mbele. Alijua kwamba miguu ya mkewe inamuuma. Daktari alisema magoti yamelika, dawa zilikuwa pale kabatini, na yeye mwenyewe alikuwa akimkumbusha kuzimeza. Lakini hakuwahi kuyaunganisha magoti na gari. Aliona aibu iliyomfanya asitake kurudi barazani.

Alirudi. Mwikali alikuwa amemaliza kunde, ametulia na ungo mapajani, na Nicanor akakaa chini kwenye ngazi karibu na miguu yake. Alimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesemaje?" Mwikali alijibu. "Gari lililomleta mtoto wangu nyumbani, niseme linaniumiza? Wewe ulikuwa ukilisifu mbele ya watu, na mimi nilikuwa nikilipenda. Nalipenda hata sasa. Nilidhani nitavumilia, kisha nikashindwa."

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema Nicanor.

Mwikali alimtazama kama mtu anayetafuta mzaha na hauoni. Alimwekea mkono begani. Alimwambia ni mjinga, tena kwa Kikamba, lugha aliyokuwa akiitumia kwa mambo mazito tu, na Nicanor alilielewa neno hilo kwa sababu ni miongoni mwa machache aliyojifunza.

Simu kwa Trizah ilipigwa jioni hiyohiyo. Nicanor alisema gari libaki, na binti alipouliza limeshinda kwa lipi, baba yake alisema atamweleza siku nyingine, mtandao una shida. Mtandao ulikuwa mzima.

Jumapili saa kumi alimfungulia Mwikali mlango wa krosova. Mwikali aligeuka, akakaa. Hakuteremka wala hakupanda. Kiti kilikuwa pale pale kiunoni mwake, akaingiza miguu mmoja mmoja, basi. Ila mkono wake ulikuwa umetangulia kwa mazoea, ukapanda juu kutafuta nguzo, ukakaa hapo kidogo bila kazi. Aliushusha akaupakata. Nicanor aliliona hilo na akafunga mlango kwa uangalifu.

Walipita Kuze kwanza. Gari waliliacha barabarani, na Mwikali akaingia kichochoroni kwa miguu, polepole, amemshika mumewe mkono. Bi Mejumaa safari hii aliteremka mpaka mlangoni, na umri wake ule. "Ndoo, mwanangu, ndoo," alisema, akimwita kwa mkono aje, akamkumbatia, kisha akamgombeza kwa miaka miwili ya simu. Walikaa wakanywa kahawa ya tangawizi, na wanawake wawili wakaanza habari ambazo Nicanor hakualikwa.

Alitoka nje kwa Zein. Zein alikuwa amekwisha kusikia kwamba krosova imebaki, akataka kusikia Mzee Nicanor akikiri kwa kinywa chake kwamba ni bora. Nicanor hakukiri. Alimwambia buti yake ni ndogo, inakula petroli, tairi zake ni ghali, haipiti hapa kwenu, na bado ni saluni iliyovaa viatu virefu. Yote aliyoyaandika ni kweli na hafuti hata moja.

"Sasa mtu akija kukuuliza anunue gari gani utamwambia nini?" Zein akauliza.

Nicanor alifikiri. "Nitamuuliza nani atakaa kushoto."

Zein alingoja aongezewe maelezo, hakuongezewa.

Laithausi kulikuwa kumejaa kama Jumapili zote. Waliegesha wametazama mlango wa bandari, na Mwikali akasema kwamba kumbe ng'ambo ya pili ya maji kunaonekana nyumba. Nicanor alizima injini. Kule nje kabisa meli ya magari ilikuwa inaingia, na zamani angekwisha kuitaja jina; sasa wangeishusha vijana asiowajua. Aliruka nje kama kawaida yake, kadiri miaka sitini na sita inavyoruhusu, akaenda kwa mwenye karai, akasimama kwenye foleni. Aliagiza ya watu wawili. Neno hilo lilimpendeza kulitamka.

Muuzaji alikuwa ameinua kijiko cha pilipili. Mkono ukatokea kando ya Nicanor ukakichukua kile kijiko, na aliposhtuka na kugeuka, Mwikali alikuwa amesimama pale. Ametoka mwenyewe, amefunga mlango mwenyewe, amevuka majani na kuja, na hakuna aliyemsaidia.

"Miaka ishirini na tisa unaniletea mihogo," alisema, "na siku zote unazidisha pilipili."

Akajitilia kidogo, kwenye pembe moja tu ya gazeti. Nicanor alimshikia gazeti.